Marehemu Minko Atembelea Mji

Jumanne asubuhi Donka Karadzhova alikuwa anamwagia maji ngazi za mlango wake, kama alivyofanya kila siku tangu aolewe katika nyumba ile, pale kundi la kwanza la watalii lilipopanda kutoka mtaa wa wafua shaba na kusimama mbele yake. Alisogeza ndoo kuwapisha. Walikuwepo mume na mke wa Kijerumani waliovaa makoti ya sare, wasichana watatu wanaolamba aiskrimu saa tatu asubuhi, mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni, na nyuma kabisa, akishika ramani kwa mikono miwili, marehemu mumewe Minko.

Alikuwa amevaa suti ya kijivu waliyomzika nayo wiki mbili nyuma, pamoja na tai aliyofungwa na dada yake, ambayo sasa ilikuwa imekwenda upande. Alikisoma kibao cha shaba cha ukutani neno kwa neno, midomo ikicheza. Akainua macho kuitazama ghorofa ya pili inayojitokeza juu ya njia, akaridhika nayo, kisha akamwona Donka.

"Habari za asubuhi, mama," alisema.

"Minko," alisema Donka. "Tai yako."

Aliigusa tai, akaiweka sawa, akashukuru. Halafu akafuata mshale kuelekea namba kumi, nyuma ya wale wasichana wa aiskrimu.

Donka alimaliza ngazi zake. Kilichomuuma si kwamba mumewe amepita, maana kufikia majira yale wengi walishapitiwa na watu wao. Kilichomuuma ni viatu. Vilikuwa vile vyeusi vilivyonunuliwa kwa ajili ya harusi ya mpwa wao, vikambana tangu kanisani, na havikuvaliwa tena hadi siku ya jeneza. Donka mwenyewe ndiye aliyevichagua, kwa kuwa vilikuwa vipya na waombolezaji wangeviona. Hakuwaza kama kuna mwendo mbele yake. Sasa mtu wa watu alikuwa anachechemea kutwa nzima juu ya mawe ya barabara, na Donka alijuta.

Kwetu Bistrovets mtu hafi mpaka tanzia yake ibandikwe mlangoni. Daktari atasema lake na padri atasema lake, lakini mtaa hausadiki mpaka uione karatasi: picha juu, jina, umri, maneno mawili matatu ambayo huwa ni yale yale kwa kila mtu, hata kwa wale ambao hawakuyastahili. Hubandikwa mlangoni pake, kwenye nguzo ya umeme, kwenye mti wa jirani, kwenye duka alikonunua mkate. Ikifika arobaini hubandikwa nyingine, na nusu mwaka nyingine, na mwaka, mpaka jua liile picha na watoto waichoke. Mgeni akituona hudhani tuna uchaguzi usiokwisha. Sisi tunasoma nani hayupo.

Na wazee husema karatasi ile haisomwi na walio hai peke yao. Roho huzunguka siku arobaini ikipita njia zake zote za zamani. Ikifika mlangoni pake ikakuta sura yake pale ukutani, hutambua: ndiyo mimi, ndiyo hapa, na basi imekwisha. Huingia, hunywa maji yaliyoachwa dirishani, huketi kidogo na wenyewe, na siku ya arobaini huondoka bila kinyongo. Ndivyo ilivyokuwa mpaka tulipopata matembezi.

Matembezi yale yaliletwa na halmashauri miaka minne nyuma, na ni ya kujiongoza. Hakuna mtu wa kukutembeza. Mgeni anachukua ramani kwenye sanduku la langoni, anafuata mishale ya rangi ya udongo iliyochorwa kwenye kuta za mji mkongwe, anasimama penye namba, anasoma kibao, anakwenda zake. Vituo viko kumi na viwili, na cha mwisho kinakurudisha cha kwanza. Nani asingetaka namba? Miezi mitatu watu hawakusalimiana kwa sababu ya namba. Mzee Slavcho, mfua shaba, alivunja urafiki wa utotoni na Minko kwa kuwa Slavcho alipewa namba nne, iliyo karibu na vyoo vya umma. Minko naye, ambaye maisha yake yote alikuwa fundi wa mita za maji na hakuwahi kugombea chochote, alishinda ofisini kwao wiki nzima na chupa ya rakia, pombe kali ya matunda ya nyumbani, mpaka wakampa tisa.

Kibao kilisema: Nyumba ya Hadzhi Kalin, mfanyabiashara wa sufu. Tazama nguzo za mbao na madirisha ya ghorofa ya juu. Huyo Hadzhi Kalin alikaa pale miaka sita tu, akahamia Odessa. Akina Karadzhov, waliokaa baada yake karne nzima na zaidi, wakazaa mle, wakafia mle, hawakutajwa hata kwa herufi. Minko hakuona ubaya. "Historia ni historia," alisema, akayakariri maneno ya kibao moyoni na kuwasomea wageni wa chakula cha mchana kabla hawajanawa mikono.

Sharti lilikuwa moja. Nyumba zilizo njiani ziwe safi usoni: hakuna nguo za kuanikwa, hakuna antena, hakuna karatasi ukutani wala mlangoni. Watu wote walitia sahihi. Walifikiria nguo, walifikiria mabango ya wanasiasa, wakaona ni afadhali. Kifo hakikumjia mtu akilini, maana siku ile tulikuwa tunakunywa. Wafu wa mji mkongwe wakatengewa ubao huko chini kwenye mtaa mpya, nyuma ya soko, kati ya matangazo ya vyumba vya kupanga na matairi yaliyotumika.

Wa kwanza kuonekana alikuwa mwalimu Evdokia, vuli ya mwaka ule ule wa matembezi. Alipita na kundi la Wapolandi, akiwa na mkoba wake, akisimama kwenye kila namba. Kisha akafuata mwoka mikate, kisha mapacha wa mtaa wa juu. Walikuwa wanazitafuta njia zao za zamani na kuta hazikuwaambia kitu, lakini mishale ilikuwepo, na mtu aliyepotea hufuata mshale. Wakifika kumi na mbili wanaanza tena moja. Wahudumu wa mgahawa uwanjani wakazoea kuwawekea maji. Watalii hawakujua tofauti, na kwa kweli tofauti ilikuwa ndogo: wafu walitupa taka chache.

Mchana wa Jumanne ile Penka, dada yake Minko, alikuja kunywa kahawa, akakuta wifi yake ameinamia meza.

"Kapita," alisema Donka.

"Najua kapita. Nimekutana naye pale namba tatu. Nikamwita, we Minko! Unajua ananiambia nini? 'Samahani mama, kanisa la Mtakatifu Nedelya liko upande gani?' Ananiuliza mimi! Mimi niliyemfuta kamasi! Kanisa alilobatiziwa, akamkojolea padri!"

"Ukamjibuje?"

"Nikamwonyesha. Ningefanyaje, wifi? Kauliza kwa adabu. Angekuwa ananiuliza hivyo enzi za uhai wake ningempikia kila Jumapili." Penka akaweka kikombe chini. "Nenda ofisini ukadai karatasi yake iwekwe mlangoni. Siku zinakwenda. Arobaini ikimpita yuko kwenye mizunguko, ndio basi tena."

"Nilitia sahihi, Penka."

"Ulitia. Na majuto ni mjukuu. Wako ameshazaliwa, anatembea, na kavaa viatu vya kubana. Nenda."

Ofisi ya matembezi ilikuwa langoni, chumba kimoja chenye sanduku la ramani nje. Aliyekaa humo alikuwa Galena, mjukuu wa mwalimu Evdokia, msichana wa hapo hapo mtaani, ingawa wazazi wake walishateremka kuishi kwenye magorofa ya chini tangu bibi alipofariki na nyumba kugeuzwa ya wageni.

"Shangazi Donka, karibu, kaa."

"Sikuja kukaa. Nataka kubandika karatasi ya mume wangu mlangoni pangu."

"Mjomba Minko tumeshambandika ubaoni, shangazi. Safu ya mbele kabisa. Nimemchagulia mwenyewe mahali."

"Minko hajawahi kuishi nyuma ya soko. Hata nyanya nilikuwa nanunua mimi. Atajuaje kwenda huko?"

Galena hakubisha. Alikuwa na moyo mzuri, na hilo ndilo lililochosha zaidi. "Bibi yangu naye yumo kwenye mizunguko," alisema. "Macho yanamsumbua. Nimempa ramani ya herufi kubwa."

"Na karatasi yake hukuibandika?"

"Nikianza mimi ofisini, mimi ndiye nitakayefukuzwa wa kwanza. Shangazi, mtalii anakuja kupumzika. Hataki kila mlango umtazame. Wakubwa wameshasema."

"Basi ongezeni mshale mmoja. Mmoja tu, wa kwenda makaburini. Waone pa kutokea."

"Tuliliwaza hilo. Makaburini mawe yamelegea. Mtu akivunjika mguu kule nani atajibu?" Akashusha sauti. "Na sahihi yako ipo, shangazi. Na yake ipo."

"Najua ipo. Miwani nilimletea mimi."

Galena alimsindikiza hadi nje. Langoni palikuwa na kidude kinachohesabu wapitao, na kidude hakina habari ya nani amezikwa na nani hajazikwa. Alimwambia Donka kwa nia ya kumfariji kwamba mwaka ule wageni wamezidi sana, na kwamba huko mkoani mji wao unasifiwa. Donka alimshukuru, kwa kuwa alishukuru watu wote.

Kesho yake alfajiri alibandika karatasi kwa gundi ya unga. Kabla watalii hawajaamka, mfagiaji alikuja na kisu chake kipana na maji ya moto, akaibandua taratibu asichane picha, akamkabidhi Donka mkononi na kumpa pole. Keshokutwa vivyo hivyo. Mfagiaji alikuwa mtu mzima mwenye mgongo mbovu, na baada ya wiki Donka akaona anamtesa bure. Akaacha kubandika. Karatasi akaiweka juu ya friji.

Minko aliendelea kupita. Asubuhi alipita na wale wanaowahi, mchana akapita na mabasi ya wastaafu, jioni akapita peke yake. Kila mara alisoma kibao kana kwamba kimeandikwa leo. Kila mara alimsalimia Donka, na mara nyingine alimuuliza kama kuna mahali pazuri pa kula pilipili hoho za kuchoma. Donka alimtajia mgahawa. Zake mwenyewe zilikuwa jikoni, zimeshamenywa maganda, ndani ya siki na vitunguu saumu.

Siku moja ya joto kali alishindwa kuendelea. Aliketi kwenye ngazi za namba tisa, kwa sababu zilikuwa na ubaridi wa maji, akakunja ramani, akafumba macho. Donka alimwona dirishani. Alishuka na beseni na taulo, na chini ya kwapa viatu vile vya kahawia alivyokuwa akivaa kazini, ambavyo visigino vimelika upande wa nje.

"Viatu vinakubana," alisema.

"Kidogo, mama. Nadhani vilinunuliwa kwa haraka."

"Aliyevinunua hakufikiri."

"Usimlaumu," alisema Minko. "Vizuri hivi. Alitaka nipendeze."

Enzi za uhai wake asingesema hivyo. Angesema Donka hana macho, angesema pesa zimekwenda na maji, angenuna mpaka wakati wa habari za televisheni. Donka aliinamisha uso juu ya beseni asionekane. Alimvua viatu vyeusi, akamwosha miguu, akaikausha kidole kwa kidole, na Minko akamwacha, kwa aibu kidogo, kama mgeni anavyomwacha mwenyeji amzidishie chakula. Watalii wawili walipita kimya. Alipovaa vile vya kahawia alisimama, akapiga hatua mbili mbele, mbili nyuma.

"Vimenikaa," alisema. "Vimenikaa sawasawa!"

Donka alisubiri. Alisubiri kama unavyosubiri maji ambayo yameshaanza kuimba sufuriani.

"Mume wako hatavihitaji?" aliuliza Minko.

"Hapana."

"Basi Mungu akubariki wewe na yeye."

Akavipanga vile vyeusi kando ya mlango, pua zikitazama ukuta, jinsi alivyovipanga viatu vyake maisha yake yote, akaenda. Angalau hakuchechemea tena. Donka aliviingiza ndani, akaviweka kwenye ukumbi pamoja na ndara za wageni, kisha akaketi jikoni na kulia kwa sauti, kitu ambacho hakukifanya kwenye maziko kwa kuwa palikuwa na watu wa kuhudumia.

Arobaini ilipofika alichemsha ngano ya kumkumbuka marehemu tangu alfajiri, akaikausha kwenye kitambaa, akaichanganya na sukari na kokwa za jozi zilizotwangwa, akaipakua kwenye vikombe vya karatasi. Penka alikuja na sinia na mshumaa, akaikuta ile tanzia juu ya friji. Ilikuwa imekunjamana kwa kubandikwa na kubanduliwa.

"Hii inakaa hapa inafanya nini?"

"Ukuta umekatazwa, wifi. Na mlango."

"Na kifua?"

Wakatazamana. Penka alitoa pini mbili kwenye ukosi wake, akambandika Donka karatasi kifuani, picha ikawa juu ya moyo, akarudi nyuma kuona kama imenyooka. Mfagiaji alipopita alisimama, akafikiri kwa muda mrefu, akaona kwamba kanuni inasema kuta na milango, akaondoka zake na kisu chake.

Watalii walifurahia ngano. Walidhani ni kionjo cha bure cha kituo cha tisa. Mjerumani mmoja aliuliza kama inawekwa mdalasini, na kijana mwenye kofia akaomba kupiga picha na bibi mwenye bango. Donka alikubali, kwa kuwa siku ya arobaini hunyimi mtu. Wafu walipita pia. Mzee Slavcho, aliyekufa wakati wa kwaresima bila ya kupatana na Minko, alichukua kikombe, akala chote, akasema ni ngano nzuri kuliko ya namba nne. Hata huko bado namba.

Minko alikuja saa nne, kwa viatu vya kahawia. Alipokea kikombe, akafanya ishara ya msalaba, akala kwa heshima. Kisha akaiona karatasi. Akavaa miwani. Alisoma jina, akasoma umri, akasoma yale maneno ambayo huwa ni yale yale.

"Alikuwa na masharubu mazuri," alisema, akigusa ya kwake. "Ni nani wako?"

"Mume wangu."

"Pole sana, mama. Mlikaa pamoja sana?"

"Ujana wote na uzee wote."

"Mlipatana?"

Penka alikohoa. Donka alifikiri, maana lilikuwa swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza, na mume huyu ndiye asingeliuliza kamwe.

"Tulizoeana," alisema. "Hatukuongea sana. Nilidhani muda upo, nikawa napika. Yeye naye alidhani muda upo, akawa anatengeneza mita za watu. Ningejua, ningeacha sufuria iungue."

Minko aliikunja miwani. "Watu wengi hudhani hivyo," alisema kwa upole.

"Ingia ndani," alisema Donka. "Upumzike. Kuna supu ya maharage na nanaa. Kuna kiti."

Akaufungua mlango wote wazi. Minko alitazama ndani. Aliuona ukumbi, akaziona ndara, saa ya ukutani ambayo yeye ndiye aliyekuwa akiitia ufunguo kila Jumamosi na sasa ilikuwa imesimama, akaviona viatu vyeusi. Harufu ya supu ilitoka ikampiga usoni. Uso ulimlegea kidogo, kama wa mtu anayekaribia kukumbuka jina. Aliweka mguu mmoja juu ya ngazi.

Halafu akatoa ramani. Alikuwa mtu wa kufuata maelekezo siku zote. Mita zote za mji huu zilifungwa na mtu asiyeruka mstari. Akatafuta namba tisa kwa kidole, akasoma, akashusha mguu.

"Samahani mama. Hapa wameandika: Makazi ya watu. Ndani hapaingiliki."

"Ingia wewe!" Penka alifoka. "Ni kwako! Kwa baba yako!"

Minko alicheka kwa kuona ukarimu umewazidi. "Mna moyo mkubwa. Lakini kila mtu akianza kuingia, wenyewe watapumzika lini?"

Donka aliyajua maneno yale, kwa kuwa yalikuwa yake. Kiangazi cha kwanza cha matembezi Mholanzi mmoja alifungua mlango, akapanda ngazi, akamkuta Donka chumbani na gauni la kulalia akikata kucha za miguu, akamuuliza kama hiki nacho ni cha karne ya kumi na tisa. Siku ile ile Donka alikwenda ofisini na kuwaambia kila mtu akianza kuingia wenyewe watapumzika lini, na hakuondoka mpaka walipomwandikia mstari ule kwenye ramani. Minko alimwambia anazidisha. Mlango wa mwenye haki haufungwi, alimwambia. Wazazi wangu hawakuufunga hata mchana wa vita. Donka akajibu wazazi wako hawakuwa na Waholanzi.

Sasa alisema, "Mstari huo umekosewa. Mimi mwenyewe nakwambia."

"Wewe ni mwema," alisema Minko, "lakini siwezi kukutia matatani na ofisi." Akamrudishia kikombe kitupu, akainamisha kichwa mbele ya ile picha kifuani kwake, akasema Mungu amsamehe, akafuata mshale.

Penka aliuzima mshumaa kwa vidole. Supu waliila wao wawili. Jioni Donka alimwona akipita tena, na kesho yake, na siku iliyofuata, na arobaini ilikuwa imeshapita.

Ofisini Galena alisikitika kweli. Alisema mstari ule unaweza kufutwa, hakuna tatizo, katika toleo lijalo la ramani, na toleo lijalo litachapwa hizi za sasa zitakapokwisha, na za sasa zimejaa ghala zima kwa sababu ya zile zilizoagizwa kwa ajili ya ongezeko la wageni. Alichukua ramani moja, akachukua kalamu, akaufuta mstari wa namba tisa kwa mkono wake, akampa Donka aende akambadilishie mumewe. Donka alijaribu. Minko aliichunguza ile ramani iliyochorwachorwa, akaiona ni mbovu, akamshauri aombe nyingine langoni, wanatoa bure.

Kwa hiyo siku moja Donka hakumwaga maji. Alivaa koti la kutokea, akafunga mlango, akateremka hadi langoni, akatoa ramani sandukuni kama mtu mwingine yeyote. Maisha yake yote hakuwahi kuyatembea matembezi yale. Aliyaona yakimjia tu. Minko alikuwa kwenye kituo cha kwanza, akisubiri kundi la Waromania wasogee.

"Nawe umekuja peke yako?" alimuuliza.

"Peke yangu."

"Basi twende pamoja. Mji kama huu ni vizuri kuwa na mtu wa kumwambia."

Wakaenda. Enzi za uhai wake Minko alitembea mbele, hatua kumi, mikono nyuma, na Donka alimfuata na vikapu. Sasa alimsubiri penye mteremko. Alimpa mkono penye mawe yanayoteleza. Alimsomea vibao vyote kwa sauti, hata vile ambavyo Donka mwenyewe aliviona vikipigiliwa, na akamwonyesha jinsi mwanga unavyoingia kwenye ua wa kanisa, akamuuliza yeye anaonaje. Donka alimwambia anavyoona. Alikuwa na mengi, yalikuwa yamekaa muda mrefu. Minko aliyasikiliza yote, akiuliza hapa na pale. Penka aliwaona kutoka dirishani kwake karibu na namba tatu, akafungua mdomo awaite, akaufunga.

Walipofika tisa palikuwa patupu. Ngazi zilikuwa kavu. Minko alisoma kibao mpaka mwisho, akarudi nyuma mpaka ukuta wa pili ili aione nyumba yote, madirisha, nguzo za mbao, na mlango.

"Nyumba nzuri," alisema.

"Nzuri."

"Sijui nani anakaa humo."

Donka alilitazama dirisha la jikoni, ambako pazia lilikuwa limefungwa na hapakuwa na mtu wa kulifungua.

"Siku hizi," alisema, "hakuna mtu."

"Inasikitisha," alisema Minko, akampa mkono, wakaelekea namba kumi.